Tamale Zilizokataa Kuiva

Hapa Tlalmecapan, tamale, vinyunga vya mahindi tunavyovikunja kwenye maganda na kuvipika kwa mvuke, zikikataa kuiva hatuulizi kama kuni zilikuwa mbichi au maji yalikuwa machache. Tunauliza nani ana kinyongo. Mtu mwenye hasira akiingia jikoni, kinyunga kinamjua. Mvuke utapanda, kuni zitateketea, na tamale zitatoka zimeiva upande huu na mbichi upande ule. Basi mwenye hasira anaitwa, anafunga uzi wa ganda la hindi kwenye mkono wa sufuria, anasema kinachomuuma mbele ya watu wote, kisha anacheza kidogo mbele ya moto. Watu wanacheka, na tamale zinaiva. Asiyeamini na aende akale mkate, mimi Librada sina muda wa kumbembeleza.

Siku ya tisa ya msiba wa doña Eustolia nasi tulianza kwa kucheka.

Doña Eustolia alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, tena ukuta wa udongo mwembamba hivi kwamba akigeuka kitandani nilimsikia. Alikuwa mpishi wa tamale wa mji mzima. Harusi, ubatizo, sikukuu ya mtakatifu wetu, hakuna shughuli iliyofanyika bila sufuria yake. Alikuwa mcheshi na mkarimu, na alikuwa na neno tamu kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa Zenaida, binti yake wa pekee.

Zenaida alipokuwa msichana alitoroka na mpiga tarumbeta aliyekuja na bendi ya sikukuu. Hata haukupita muda akarudi peke yake, viatu mkononi. Mama yake alikuwa amepiga magoti anasaga mahindi kwenye jiwe. Hakumpiga, wala hakumfukuza. Aliuliza tu, “Nani kaacha mlango wazi?” na tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Kila alichotaka kumwambia alikipitisha kwa watu. “Librada, mwambie huyo chumvi haitoshi.” Na huyo amesimama hapo hapo, mwiko mkononi! Pasipokuwa na mtu alimwambia mbwa, na mbwa alipokufa aliuambia moto. Jina la mwanawe hakulitaja kamwe. Nasi tukazoea, tukafanya utani, mimi nikaitwa simu ya doña Eustolia.

Zenaida akazeeka katika nyumba ile. Mama alipougua, yeye ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamsugua kifua kwa dawa ya kafuri. Siku ya mwisho nilikuwepo. Zenaida alipiga magoti kando ya kitanda akasema, “Mama, niite jina langu. Mara moja tu, kisha nenda salama.” Mzee alimsikia, nakuapia alimsikia. Akajigeuza polepole mpaka uso ukaelekea ukutani, upande wa kwangu, akakata roho.

Basi tukamzika. Na kama ilivyo kwetu, mahali alipolazwa sebuleni tukachora msalaba wa chokaa. Siku ya tisa msalaba unainuliwa, chokaa inapelekwa kaburini, na roho inatoka pamoja nayo. Lakini haitoki na njaa. Kwanza iwekewe tamale zilizopikwa kwa moto wake yenyewe, ule iliouzoea. Isipokula, inabaki ndani ya nyumba. Inabaki vipi, sijui, na sikuwa na hamu ya kujua, maana mwenye kulala upande wa pili wa ukuta ningekuwa mimi.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani ukafunika mashamba ya kahawa, ukaingia hadi uani. Jikoni kwa marehemu tulikuwa wanne. Zenaida, mimi, Obdulia anayeuza ngozi ya nguruwe ya kukaanga sokoni, na Nieves, mkwe wa Obdulia, mwali aliyeolewa juzijuzi. Tulipiga mafuta ya nguruwe na unga mpaka mikono ikafa ganzi. Tukachukua kidonge cha kinyunga tukakitupa kwenye bilauri ya maji, kikaelea vizuri, ishara kwamba kimepigika. Tukatia maharage yenye jani la parachichi katika baadhi ya tamale, nyama na mchuzi mwekundu wa pilipili katika nyingine, tukazikunja kwenye maganda ya mahindi na kuzisimamisha ndani ya sufuria kubwa ya marehemu. Chini kwenye maji Obdulia aliweka sarafu, kama kawaida, ili maji yakichemka ilie, na ikinyamaza tujue yamekauka.

Zenaida alikuwa mtulivu kuliko sisi sote. Alikuwa akiimba puani.

Muda wa kutosha ulipopita, na zaidi, Obdulia akafunua kifuniko, akatoa tamale moja, akaibonyeza.

“Mbichi!” akasema. “Haya, nani ana kinyongo? Aseme mapema, watu wanakuja na njaa zao.”

Tukatazamana. Nieves akainamisha kichwa. “Labda ni mimi, mama.”

“Una hasira na nani, mwanangu?”

“Na wewe, mama. Unaingia chumbani kwetu bila kupiga hodi.”

Nilicheka hadi nikashika meza. Obdulia akawa mwekundu. “Nyumba yangu, mlango wangu, mtoto wangu! Nimpigie hodi nani?”

“Mpigie mumewe aliye uchi,” nikasema mimi.

“Wewe Librada nyamaza! Uliazima kikaango changu cha udongo mwaka jana ukakirudisha na ufa, umekaa kimya kama paka aliyekula samaki. Hiyo ndiyo hasira yangu mimi.”

“Kilikuja na ufa wake! Na mimi hasira yangu ni wewe ulivyosema mbele ya padri kwamba mchuzi wangu una ladha ya udongo.”

“Si una?”

“Hasira hasara, shoga zangu,” akasema Zenaida kwa upole. “Fungeni maganda.”

Tukafunga, kila mmoja uzi wake, tukacheza mbele ya sufuria, Obdulia akitikisa kila alichopewa na Mungu. Kisha tukamgeukia Zenaida.

“Na wewe?” nikauliza.

“Mimi?” Alikuwa anapanga vikombe vya kahawa. “Mimi sina hasira na mtu.”

Tukamwamini. Nani asingemwamini? Tangu nimfahamu sijamsikia mwanamke yule akipaza sauti, hata kwa kuku.

Tuliongeza kuni, tukasubiri, tukafunua mara ya pili. Safari hii niliitoa mimi, nikitumia kitambaa nisiungue. Sikuhitaji kitambaa. Ilikuwa baridi. Mvuke ulikuwa unanichoma uso, maji yanatokota kwa fujo, na ile tamale mkononi mwangu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ndipo nikagundua kwamba sarafu hailii. Nilichungulia, maji yalikuwa mengi tu, yanaruka, lakini chini kulikuwa kimya. Na katika mvuke ule, juu ya harufu ya mahindi na pilipili, kulikuwa na harufu nyingine ambayo kila mmoja wetu aliijua. Ilikuwa kafuri.

Nieves akajifanyia ishara ya msalaba. “Mama, twende nyumbani.”

“Hatuendi popote,” akasema Obdulia, ingawa sauti yake ilikuwa imeshuka. “Ni yeye. Marehemu ndiye mwenye hasira. Kuna kitu tumemkosea.”

Hilo ndilo kosa tulilofanya, na mtu yeyote wa hapa angelifanya. Tukaanza kumwomba radhi maiti. Obdulia aliomba radhi kwa ajili ya jeneza la mbao rahisi. Nieves aliomba radhi kwa kuchelewa mazishi. Mimi niliomba radhi kwa mambo ambayo sitayasema hapa. Tulichukua shali yake nyeusi tukaifunga kwenye sufuria, tukamwita kwa majina yote ya heshima, doña wetu, mama yetu, mwalimu wetu, njoo uziivishe kwa mkono wako. Shali ikaanza kudondosha maji. Nikasema ni mvuke.

Doña Casimira, msalishaji wetu, akaingia na chetezo cha ubani, amevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi viatuni. Aliangalia sufuria, akaangalia mlangoni, kwenye ukungu.

“Msalaba nitauinua kabla ya giza,” akasema. “Awe amekula au hajala. Mimi siinui misalaba gizani.”

Mimi si mtu wa kukaa kitako huku jambo linaharibika. Nilijaza ndoo kinyunga kile kile, nikachota makaa ya moto kutoka meko ya doña Eustolia, moto wake mwenyewe, nikaenda navyo jikoni kwangu. Niliwasha kuni kwa makaa hayo, nikateleka sufuria ndogo, nikakaa kuikodolea macho. Sarafu ililia tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipozifunua, tamale zilikuwa zimeiva laini, zinaachia ganda bila kung’ang’ania, zinanukia mpaka mate yakanijaa.

Nikasimama pale na kifuniko mkononi, nikawaza. Kinyunga kilikuwa kile kile na moto ulikuwa wake. Kama marehemu ndiye angekuwa amekataa, angekataa moto wake popote ulipo. Basi mwenye kinyongo hakuwa ndani ya moto. Alikuwa jikoni mle, hai, na miguu miwili. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tulikuwa tukimtafuta kaburini.

Niliweka tamale mbili kwenye sahani, nikazifunika kwa shali, nikaingia kwa doña Eustolia kupitia mlango wa mbele ili jikoni wasinione. Sebuleni palikuwa na mishumaa tu na ule msalaba mweupe sakafuni. Niliinama niiweke sahani. Nilimpenda mwanamke yule, nataka ieleweke. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja ganda nikiwa siwezi hata kufunga kamba ya kiatu. Sikutaka abaki akizungukazunguka na njaa katika nyumba yake mwenyewe.

“Nipe, shoga.”

Zenaida alikuwa ameketi kwenye kiti gizani, pembeni. Sijui alikuwa amekaa hapo tangu lini. Alinyanyuka, akaichukua sahani mikononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang’anya mtoto kisu, akamenya tamale ya kwanza akaila. Kisha akala ya pili. Alikula bila haraka, amesimama juu ya msalaba wa mama yake, na alipomaliza akanikazia macho, akapangusa midomo kwa kiganja.

“Tamu,” akasema. “Umekuwa mpishi.”

“Zenaida, ulisema huna hasira.”

“Nilisema uongo.”

“Basi njoo! Funga ganda, sema, cheza, yaishe. Casimira anasubiri. Mzee atabaki humu ndani, mwanamke wewe!”

“Ndicho ninachotaka.” Hakupaza sauti hata kidogo. “Wewe unataka hasira yangu niichezee mbele ya sufuria, Obdulia apige makofi, na mvuke uichukue. Hasira hii nimeilea kuliko watu wanavyolea watoto. Akienda leo, Librada, ameenda bila kuniita. Ameshinda. Lakini akibaki, hana mbwa, hana mgeni, hana wa kumtuma. Tutakuwa mimi na yeye. Siku moja atachoka.”

“Na ukichoka wewe kwanza?”

“Mimi nimezoea kusubiri.”

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu mishumaa yote minne ililala upande mmoja kwa pamoja, upande wa ukuta wangu, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Zenaida aliiona. Alitabasamu.

Watu walikuja, wakasali rozari, wakajifanya hawanusi kafuri. Tulipowapa kahawa ya mdalasini na mkate mtupu, hakuna aliyeuliza tamale ziko wapi, na katika mji huu ukiona watu hawaulizi ujue wameshaelewa. Doña Casimira alipiga magoti aukusanye msalaba, kwanza kichwa, kisha mikono, kisha mwili. Chokaa ilikuwa imelowa. Ilishikamana na sakafu kama uji ulioganda, akaikwangua kwa kijiko na kuitia kwenye sahani, kidogo kidogo, jasho likimtoka. Alipomaliza akaiinua sahani, akaipima mkononi, akaniangalia mimi.

“Nimebeba misalaba mingi,” akaninong’oneza. “Huu haujabeba mtu.”

Lakini aliupeleka kaburini, maana kazi ni kazi. Tamale mbichi Obdulia alizimwaga kwenye zizi la nguruwe. Nguruwe walizinusa, wakarudi nyuma wakasimama wamebanana kwenye kona ya mbali. Obdulia aliacha ndoo pale pale, akamshika Nieves mkono, wakaondoka bila kuniaga.

Mwanga ulikuwa bado haujakwisha kabisa nilipoketi chumbani kwangu. Nilikuwa nimesema sitasikiliza. Nilikuwa nimejiambia nitawasha redio. Badala yake nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, sikio karibu na ukuta, kama mbea wa kawaida.

Nilimsikia Zenaida akifunga mlango wa barabarani kwa komeo, kisha wa uani. Akaburuta kiti.

“Haya, mama,” akasema. “Nimekaa. Sina pa kwenda, na wewe huna.”

Kimya. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nausubiri huo mshindo huku nimeuma shali yangu. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Nilisikia jiwe la kusagia likiburuzika, mara moja, mara ya pili, krr, krr, mahindi makavu yakipondwa, na kiti cha Zenaida hakikuwa kimesogea.

Kisha mtu akasema, hapo hapo nilipokuwa nimeweka shavu, unene wa udongo tu kati yetu:

“Librada.”

Niliogopa, nasema wazi. Sauti ilikuwa ile ile, yenye mikwaruzo kidogo, ya mtu aliyejizoesha kutiiwa.

“Librada, mwambie huyo anifungulie mlango.”

Na unajua mdomo wangu ulifanya nini? Ulifunguka. Umri wangu wote ule mdomo ulikuwa ukifunguka kwa amri ile. Nilikuwa tayari nimevuta pumzi nimwambie Zenaida, mama yako anasema.

“Librada, husikii? Mwambie huyo nina njaa.”

Ndipo nikamsikia Zenaida. Hakuwa akilia. Alikuwa akipumua tu, kwa nguvu, kama mtu aliyepanda mlima, na nikaelewa kwamba amesikia kila neno. Alikuwa amesikia sauti ya mama yake, na hata sasa, hata baada ya kaburi, sauti hiyo ilikuwa imempita pale alipoketi ikaja kwangu. Alikuwa ananisubiri mimi. Kama ilivyokuwa siku zote, alikuwa anasubiri nimletee.

Hasira ikanipanda. Sijui ilikuwa yangu au yake, lakini ilinipanda kutoka tumboni hadi utosini, na woga ukakosa mahali pa kukaa. Niliupiga ukuta kwa kiganja hadi udongo ukamwagika.

“Mwambie mwenyewe!” nikasema. “Yupo hapo, doña Eustolia. Amekuogesha, amekulisha, yupo hapo mbele yako. Mimi simwambii kitu. Mwambie mwenyewe!”

Jiwe la kusagia likanyamaza. Kila kitu kikanyamaza, hata kuku uani. Niliuweka mkono wangu ukutani na ukuta ulikuwa baridi, baridi ile ile ya tamale, na chini ya baridi hiyo nilihisi kitu kikigeuka. Kiligeuka polepole, kwa shida, kama mgonjwa anavyojigeuza kitandani. Kilinipa mgongo. Nilipolisikia neno halikuwa tena karibu na shavu langu. Lilitoka ng’ambo, mbali kidogo, limeelekezwa upande mwingine, na lilitamkwa vibaya, kwa ulimi uliosahau njia yake.

“Ze... naida.”

Kiti kikaanguka.

“Abee, mama,” akaitika Zenaida, kwa sauti ya msichana.